Chombo Kimoja, Misimu Miwili

Mtu akitaka kujua ushairi wetu wa pwani umejengwa juu ya nini, na asikilize namna unavyoagana. Beti zetu za kuagana ni nyingi kuliko za kukutana. Chombo hutweka, tanga hujaa, anayeondoka hupungua machoni hata akawa nukta, na anayebaki husimama ufukweni akiulaumu upepo. Picha hii tumeirithi, tumeiimba katika taarabu, tumeitumia katika harusi na katika maombolezo, hata imekuwa kama kanzu ya babu: kila mjukuu huivaa siku yake, na hakuna aulizaye ilishonwa kwa kimo cha nani. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo. Je, picha ya chombo na upepo bado inasema kweli juu ya wapenzi wanaotenganishwa na maji katika zama hizi, ambapo mume ana pasi ya nchi moja na mke ana pasi ya nchi nyingine? Na kama haisemi kweli, mshairi aifanyeje?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani si uungwana kuanza na ya wenzangu. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilitunga shairi la kuagana, na ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

Chombo kimetweka tanga, upepo unavumia,
Nalia kwenye mchanga, macho nimekukazia,
Bahari ndiyo yapinga, kwako nisijefikia,
Musimu ukijipanga, najua wanirudia.

Mizani ilitimia, vina havikuchechemea, na walionisikiliza waliridhika. Nami niliridhika. Nililisoma shairi hilo mara nyingi mbele za watu, visiwani na bara, na sikumbuki kuulizwa kama ni kweli. Nilikuja kuulizwa mbali sana na bahari, katika mwambao wa Ziwa Nyasa.

Nilikuwa nimetoka Mbinga, mji wa kahawa ulioko katika milima ya Wamatengo, ambako wakulima huchimba mashimo ya ngoro katika miteremko ili mvua isiondoke na udongo wao. Kutoka huko njia huteremka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka ile ya Mbinga mwaka 2012. Mtu wa pwani akifika pale hudanganyika kwa muda. Mchanga upo, mitumbwi ipo, nyavu zimeanikwa, na usipa wametandazwa juani kama tunavyotandaza dagaa wetu. Kinachokosekana ni chumvi, na kupwa na kujaa. Hata upepo ni jamaa yetu: ule wa kusini-mashariki ambao wavuvi wa ziwa huuita mwera, na kuuhadhari katikati ya mwaka, ni wa ukoo mmoja na kusi letu.

Jioni moja huko Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, nililisoma shairi langu kwa watu wachache waliotaka kujua mgeni huyu anaandika nini. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja muuza usipa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipongeza kwa heshima, kisha akasema: “Baba, shairi lako zuri. Lakini mimi ziwa halikunizuilia mtu. Mume wangu alihesabiwa siku. Zilipokwisha alipanda chombo, na ziwa lilikuwa shwari.”

Mume yule alikuwa Mmalawi. Sikuuliza zaidi, maana haikuwa haki yangu kuuliza. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Maneno yake yalikuwa tahakiki fupi na kali kuliko zote nilizopata kupewa. Mshororo wangu wa tatu, “Bahari ndiyo yapinga,” ulikuwa umemsingizia asiyehusika.

Kabla ya kuihukumu picha ya kale, haki yataka tueleze kwa nini ilikuwa ya kweli siku zake. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja kwetu kwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, yakarejea kwa kusi kuanzia Aprili. Muda wa mtu kukaa ugenini ulipangwa na pepo hizo. Aliyechelewa kupakia alibaki hadi mwaka wa pili. Aliyeoa Unguja akaacha mke Sur alijua ni lini atakuwa huku na ni lini atakuwa kule. Na jambo kubwa ni hili: waliomo chomboni walikuwa na musimu mmoja. Nahodha, tajiri, serehangi na baharia wa mwisho, wote waliungoja upepo ule ule. Kwa hiyo mshairi aliyesema kuwa upepo umemchukua mpenzi wake hakuwa akitumia tamathali ya usemi. Alikuwa akitoa habari.

Wala nisieleweke kuwa nazisifu zama zile. Katika vyombo vivyo hivyo walipakiwa watumwa, na wengi miongoni mwao walitekwa katika nchi hizi hizi zinazozunguka Ziwa Nyasa, wakateremshwa hadi Kilwa na kuvushwa hadi Unguja. Wao nao waliachwa na wapenzi ufukweni, lakini ushairi wetu wa kuagana haukuwaaga. Tangu zamani, basi, picha yetu nzuri ilikuwa na watu isiowaona. Leo imeongeza wengine.

Tuangalie sasa jinsi mambo yalivyogeuka. Chukua mfano wa mume Mkenya na mke Mmalawi wanaosafiri pamoja katika mashua yao ya tanga, wakatia nanga Tanga au Unguja kwa nia ya kukaa. Mume ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa taratibu za Soko la Pamoja zilizoanza mwaka 2010 anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Mke anatoka nchi ya SADC isiyokuwamo katika Jumuiya hiyo, na ziara yake kwa kawaida haivuki miezi mitatu. Wamekuja kwa upepo mmoja, wamelala chini ya tanga moja, wamekula sahani moja. Lakini afisa akishapiga mihuri miwili, chombo kile kimepata misimu miwili. Siku ya tisini bahari itakuwa kama ilivyokuwa jana, na upepo utavuma utakako, ila mmoja wao atakuwa na haki ya kubaki na mwenzake hana. Musimu umetoka angani umeingia katika daftari, na umekuwa si wa chombo tena bali wa mtu mmoja mmoja.

Hili ndilo jambo jipya ambalo ushairi wetu haujalitazama sawasawa. Upepo uliwatenganisha walioondoka na waliobaki. Muhuri unaweza kuwatenganisha hata wale walioondoka pamoja.

Katika mwambao wa Ruvuma jambo hili halikuanzia katika mashua za starehe. Wanyasa wanaishi pande zote za ziwa, na lugha ya Kinyanja inasikika Tanzania, Malawi na Msumbiji. Wamekuwa wakioana na kuzikana kabla ya kuwapo pasi yoyote. Visiwa vya Likoma na Chizumulu ni mali ya Malawi, ilhali vimekaa karibu kabisa na ufuko wa Msumbiji. Katika nchi ya namna hii mtu huweza kuoa kwa jirani akajikuta ameoa ughaibuni.

Na hapa msomaji wa visiwani asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Kwa karatasi hiyo moja Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, kisiwa cha Heligoland kikakabidhiwa Ujerumani, na mpaka katika Ziwa Nyasa ukaandikwa ukifuata ufuko wake wa mashariki. Sisi na watu wa Liuli tulichorwa kwa wino wa kidau kimoja. Tanzania ilikuja kushikilia kwamba mpaka wa haki unapita katikati ya maji, na mwaka 1967 ikalitamka jambo hilo rasmi kwa Malawi. Malawi ikashikilia mkataba. Ubishi huo ulifufuka kwa nguvu mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, ukapelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Kwa ramani ya upande mmoja, mama anayesuuza sufuria pale Liuli amesimama nchini mwake kwa visigino, na vidole vyake vimo katika nchi ya mumewe. Mshairi gani angeweza kubuni taswira kama hiyo? Nasi tumeiacha ilale katika majalada ya wanasheria.

Liuli yenyewe ina kisa kingine kinachofaa kutajwa. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lililoko bandarini linalofanana na sanamu ile ya Misri. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilifika hapo na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades. Walizoea kunywa pamoja. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia, na inasimuliwa kwamba alitoka kwa hasira kumwuliza mwenzake kama amelewa. Ziwa lilikuwa lile lile na urafiki ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni karatasi iliyomfikia mmoja kabla ya mwingine.

Sasa nije kwa waandishi, maana kazi ya mhakiki ni kusoma. Nimewachagua watatu. Hakuna kati yao aliyeandika ushairi wa Kiswahili, na hilo lenyewe litaniwia hoja.

Wa kwanza ni binti yetu Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba, katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaenda Aden. Mwaka uliofuata aliolewa huko na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na kwa ndoa hiyo akahesabiwa Mjerumani. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali, naye akabaki Ujerumani na watoto wadogo. Alipokuja tena Unguja mwaka 1885 aliletwa chini ya kivuli cha manowari za Kijerumani, kwa kuwa madai yake ya urithi yaliifaa serikali ya Berlin kwa wakati ule. Urithi hakuupata. Alifariki mwaka 1924 huko Jena.

Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, aghalabu husomwa kwa ajili ya habari za jumba la Mtoni na maisha ya wanawake wa kifalme. Mimi nimekisoma kwa ajili ya kile kinachokaribia kunyamaziwa humo. Mume hatajwi sana, na safari yenyewe, ambayo mshairi wetu yeyote angeipa beti mia, imepita haraka. Barua zake kwa rafiki wa nyumbani, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, zinasema zaidi: baridi, upweke, lugha isiyomkubali, watu wanaomtazama njiani. Udhaifu wa kumbukumbu zake ni kwamba zimeandikwa kwa tahadhari ya mtu anayedai haki kwa wakubwa. Ubora wake ni kwamba hazikumsingizia mtu wala kitu. Salme hakuilaumu bahari. Alijua fika kwamba aliondoka kwa meli ya dola moja na kurejeshwa na meli ya dola nyingine, na kwamba upepo haukuwa na neno katika safari yoyote kati ya hizo.

Wa pili ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake By the Sea, ya mwaka 2001, inafanya jambo ambalo natamani lingefanywa na mshairi. Katika kitabu kimoja ameweka mfanyabiashara anayekuja na pepo za musimu, na mzee anayewasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasi yenye jina lisilo lake. Msomaji anaziona zama mbili zikiwa zimekaa bega kwa bega: ile ambayo mgeni alipimwa kwa bidhaa na maneno yake, na hii ambayo hupimwa kwa kijitabu. Katika Admiring Silence, ya mwaka 1996, Gurnah anaingia ndani ya nyumba. Mzanzibari asiyetajwa jina anaishi Uingereza na mwanamke Mwingereza, Emma, na kwa miaka mingi anawatungia yeye na wazazi wake visa vya uongo juu ya kwao. Hapo tunaona kwamba tofauti ya pasi haiishi bandarini. Huingia mezani, ikakaa baina ya watu wawili wanaokula, na kumfanya mmoja wao awe mgeni wa daima anayetaka kupendeza.

Ninacholaumu katika Gurnah, kama inafaa kusema kulaumu, ni kwamba anatuachia ukimya mwingi mno. Wapenzi wake hushindwa kusemezana, na mara nyingine nimetamani mmoja wao apige kelele. Ila nikimsoma kwa jicho la mfasiri naona sababu. Anaandika kwa Kiingereza maisha yaliyopita kwa Kiswahili, na baadhi ya kelele hizo zimebaki upande wa pili wa lugha. Tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, mwaka 2022, ilinithibitishia kwamba zipo sentensi zake zinazorudi nyumbani zikavua viatu. Kazi hiyo iendelee.

Wa tatu ndiye atakayewashangaza baadhi ya wasomaji. David Rubadiri, mshairi wa Malawi, alizaliwa mwaka 1930 huko huko Liuli, katika ardhi ya Tanganyika ya wakati ule. Alisoma Uganda, akawa balozi wa Malawi huru huko Marekani na katika Umoja wa Mataifa, na mwaka 1965 akajitenga na serikali ya Kamuzu Banda. Kuanzia hapo aliishi ugenini karibu miaka thelathini, akifundisha Makerere, Nairobi na Botswana, hadi utawala wa Banda ulipoondoka mwaka 1994. Alifariki mwaka 2018. Mwaka 1971 yeye na David Cook walikuwa wametoa mkusanyiko wa Poems from East Africa, kitabu kilichowafundisha wengi wa rika langu kwamba Afrika Mashariki ina washairi wanaoandika kwa Kiingereza.

Shairi lake linalojulikana sana ni lile la Stanley kukutana na Mutesa. Wengi wamelifundisha kama shairi la ukoloni, na hawakukosea. Lakini tulitazame kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenziwe. Sehemu kubwa ya shairi ni mwendo: jua, mbu, mizigo, uchovu wa wapagazi, msafara unaopungua. Halafu linafika langoni na kusimama. Wenyeji wanamkagua mgeni, wanasita, kisha mlango unafunguliwa, na tunajua kuwa baada ya hapo hakuna kitakachokuwa kama kilivyokuwa. Uzito wote umewekwa kwenye lango. Rubadiri ameelewa kwamba maana ya safari haikai njiani. Hukaa mahali pale ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kumwambia mwingine pita au rudi.

Nasema kwamba hicho ndicho kilichopungua katika shairi langu, na katika mengi ya namna yake. Lina pwani, lina chombo, lina upepo, lakini halina lango. Anayeaga anatoka mchangani akaingia baharini moja kwa moja, kana kwamba baina ya hivyo viwili hapakukaa mtu nyuma ya meza. Ubaya wa picha ile si ukongwe wake, bali ni kwamba inamficha mwenye kuamua. Ukiulaumu upepo hakuna atakayekujibu, na hakuna atakayeona haya.

Kuna jambo jingine ambalo picha ile inaligeuza. Katika beti zetu mwanamume ndiye huondoka, na mwanamke hubaki akingoja, kwa sababu bahari ilikuwa kazi ya wanaume. Mama wa Liuli naye alibaki, lakini alibaki kwa sababu yeye ndiye mwenye nchi. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyeoa raia hana mlango huo. Yampasa kutafuta kibali cha ukaazi na kukihuisha, au kupita njia ndefu wanayopita wageni wote. Hata mwanamke huyo, mlango wake una kizingiti, kwani Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo sharti aukane wa kwao. Malawi yenyewe ililegeza sheria yake mwaka 2019 na kuruhusu uraia pacha. Huko Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, raia alipaswa kwa miaka mingi kupata idhini ya serikali ndipo aoe mgeni, mpaka agizo la Sultani la mwaka 2023 lilipolegeza masharti hayo. Tazama basi: mke mwenye pasi ya nchi hii na mume mwenye pasi ya nchi ile hawaagani tena kama katika taarabu. Anayebaki si lazima awe mnyonge, na anayeondoka si lazima awe jasiri. Ushairi unaogawa machozi kwa desturi ya zamani utayapeleka nyumba isiyo na msiba.

Najua upinzani utakaokuja. Wapo watakaosema kwamba maneno kama pasi, kibali na muhuri hayana ladha, na kwamba shairi likiyapokea litageuka kuwa barua ya maombi. Nawajibu kwa heshima kwamba wameusahau uzao wa maneno wanayoyapenda. Nahodha na nanga tumeyapata kwa Waajemi. Meli na manowari tumeyapata kwa Waingereza, na hakuna anayeyaona machungu katika wimbo. Muhuri nao ni wa asili ya Kiajemi, na ulijulikana katika nyaraka za watawala wetu kabla ya kuwapo afisa yeyote wa uhamiaji. Neno halina ladha mpaka lipate mtu wa kulilia au kulichekea.

Wengine watasema kwamba kimbunga, wimbi na tanga ni sitiari, na sitiari haihukumiwi kwa ukweli. Hapo namwita shahidi mmoja, marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mtu aliyeijua bahari kwa kazi ya mikono, na diwani yake iliyochapishwa mwaka 1994 inaitwa Kimbunga. Kimbunga chake kina mafumbo ndani yake, lakini kabla ya kuwa fumbo ni kimbunga kweli. Mtu aliyewahi kupigwa na upepo hukitambua. Sitiari yenye afya husimama kwa mguu mmoja katika kitu chenyewe. Bahari ya ubeti wangu haikusimama popote. Niliichukua kwa wengine, kama mtu anayeazima machozi matangani.

Nimejaribu tangu wakati ule kuuandika upya ubeti wangu, safari hii kwa kinywa cha yule mume aliyepanda chombo ziwa likiwa shwari. Nimeshindwa mara nyingi. Huu ndio uliobaki:

Ziwa halina hatia, ni shwari halina wimbi,
Mtumbwi wasubiria, sikufanya hata dhambi,
Siku zilizobakia, hazikusikia ombi,
Muhuri umeishia, na kwaheri siiombi.

Nitauhukumu kama nilivyouhukumu ule wa kwanza. Una ukavu, hauimbiki kwa wepesi, na fundi wa taarabu angeurudisha. Mshororo wa pili umebeba mambo mawili yasiyoshikana vizuri, mtumbwi na dhambi. “Siku” kufanywa kuwa na masikio ni hila ya kawaida. Juu ya yote, lango bado halimo. Muhuri umetajwa, lakini mkono ulioupiga haujaonekana. Hata hivyo umelisafisha ziwa jina lake, na mtu anayesema humo hakubali kwamba kuagana ni ada ya mapenzi. Anakataa kuiomba kwaheri. Hapo nadhani nimemkaribia kidogo yule mama.

Sidai kwamba mashairi yatabadilisha sheria ya uraia, wala kwamba yatamaliza ubishi ambao marais wastaafu hawajaumaliza. Ninachodai ni kidogo. Mtu anayetengwa na mwenziwe kwa hesabu ya siku anastahili shairi linalojua kuhesabu. Tukiendelea kumwimbia upepo tutakuwa tunamliwaza kwa msiba wa babu yake.

Vijana wanaoleta beti zao katika kurasa hizi nawaomba jambo moja. Mnapomwaga mpenzi majini, ulizeni kwanza chombo kile kina misimu mingapi, na ni nani aliyeiandika. Kisha tungeni. Mwenye kauli iliyo bora kuliko hii yangu naye ailete, na ikiwezekana aipeleke pia Liuli, aisome jioni pale ufukweni, mbele ya wauza usipa. Mimi nimekwisha sahihishwa huko, na sijapata kusahihishwa vizuri zaidi.